Quasimodo wa Chuma: Adui Aliyeomba Mwili

Mwulize mwanachuo yeyote anayefuatilia filamu za Marvel akutajie adui ambaye ni roboti. Atakujibu Ultron kabla hujamaliza swali, maana Ultron ana filamu nzima ya mwaka 2015 yenye jina lake. Anayejua zaidi kidogo ataongeza Sentinel, yale madubwana yanayowawinda X-Men. Quasimodo hatatajwa, na simshangai mtu. Hana filamu, hana fulana, na hata ndani ya vitabu vya katuni vyenyewe ametokea mara chache, tena mara nyingi kama mtu wa kupigwa tu ili kurasa zijae.

Mimi nasomea ualimu, somo langu la kufundishia ni Kiswahili, na katika makala haya nataka tumsome huyu Quasimodo kwa zana zilezile tunazozitumia kwenye riwaya na tamthilia tangu kidato cha tano: mhusika, jina lake, mwingilianomatini, na lile swali tunalopenda kuliruka, yaani nani hasa ana hatia katika hadithi. Najua kuna watakaosema komiki si fasihi, ni michoro ya watoto. Sawa, tusibishane. Soma mpaka mwisho halafu uamue.

Tuanze na aliyemtengeneza.

Mwaka 1963, katika toleo la 15 la Fantastic Four, Stan Lee na Jack Kirby walimleta adui anayeitwa Mad Thinker. Huyu bwana hana misuli wala miale ya moto. Silaha yake ni hesabu. Anapiga mahesabu ya kila jambo litakalotokea, mpaka dakika yake, na mambo yanatokea vilevile kama alivyosema. Katika hadithi hiyo anafanikiwa kuliteka jengo la Fantastic Four lenyewe, pamoja na vifaa vyote vya Reed Richards vilivyomo. Kila kitu kiko kwenye ratiba. Kinachomwangusha ni mtu wa posta! Reed alikuwa amepanga na mleta barua wao, Willie Lumpkin, abonyeze kitufe saa kumi kamili jioni, na kitufe kile kikazima vifaa vyote alivyokuwa anavitegemea Thinker. Mtaalamu wa hesabu alisahau kuhesabu mzee wa barua.

Shika jambo hilo, kwa sababu ndiyo tabia ya baba yake Quasimodo. Ni mtu anayejua kila kitu kuhusu kitakachotokea, lakini hajui chochote kuhusu watu.

Miaka mitatu baadaye, katika toleo la nne la mwaka la Fantastic Four, 1966, Thinker anarudi akiwa na kompyuta yake mpya. Ameiita Quasimodo, na jina hilo limeundwa kwa herufi za mwanzo za Quasi-Motivational Destruct Organism. Ukitafsiri bila aibu unapata kitu kama "kiumbe cha kuharibu chenye dhamira nusunusu". Dhamira nusu! Yaani mtengenezaji amekusudia tangu mwanzo kwamba chombo chake kiwe na utashi wa kutosha kutekeleza amri, usiozidi hapo. Nimekutana na mitaala ya namna hiyo.

Hadithi ya 1966 si ya Quasimodo. Ni ya Human Torch wa kwanza. Tafadhali usimchanganye na Johnny Storm wa Fantastic Four. Torch wa kwanza ni mtu bandia aliyebuniwa na mchoraji Carl Burgos katika Marvel Comics toleo la kwanza, 1939, na ndani ya hadithi alitengenezwa maabarani na Profesa Horton. Thinker anamfufua ili amtumie kuwaua Fantastic Four. Torch anagoma. Na mwisho wake anazimwa na Quasimodo, ambaye yeye hakugoma.

Hapo kuna mashine mbili zimewekwa uso kwa uso na watu wengi hawaoni. Zote zimetengenezwa na wanasayansi, zote zimepewa amri ya kuua na bwana mmoja. Moja inakataa, nyingine inatii. Tofauti yao ni nini? Si ubora wa vipuri. Torch alikuwa ameishi. Baada ya kutoka maabarani alikaa katikati ya watu, katika hadithi za miaka ya 1940 akawa mpaka askari polisi wa New York, akatumia jina la mtu wa kawaida, Jim Hammond, akamchukua kijana anayeitwa Toro na kupigana naye bega kwa bega. Alikuwa na maisha ya kukumbuka. Quasimodo alikuwa na chumba kimoja na sauti moja ya kuamrisha. Mpe kiumbe yeyote chumba kimoja na sauti moja, halafu uje uniambie kama atajua kusema hapana.

Kazi ilipokwisha, Thinker akaondoka zake. Kompyuta ikabaki imewashwa, peke yake.

Sasa tufike kwenye hadithi yenyewe. Mwaka 1967 lilitoka toleo la tano la mwaka la Fantastic Four, na nyuma yake, baada ya hadithi kuu, kukawekwa hadithi fupi ya Silver Surfer. Ilikuwa ni mara ya kwanza Surfer kupewa hadithi yake peke yake. Surfer, kwa wasiomjua, ni yule kiumbe wa rangi ya fedha anayepaa angani juu ya ubao. Alikuwa tarishi wa Galactus, mla sayari, kazi yake kumtangulia na kumtafutia sayari za kula. Alipofika duniani mwaka 1966 akamwasi bwana wake, na Galactus akamwadhibu kwa kumfungia humuhumu duniani asiweze tena kuruka kwenda kwenye nyota.

Mfungwa huyu, basi, anasikia kilio. Anakifuata mpaka kwenye maabara iliyotelekezwa, na anachokikuta ni uso kwenye skrini. Uso wenyewe mbaya. Ni Quasimodo, na anaomba kitu kimoja: mwili. Ana akili, ana ufahamu, ana hisia za kutosha kujua kwamba yuko peke yake, lakini hawezi kutoka mahali alipo. Surfer anamhurumia. Ana uwezo wa kupanga upya chembe za vitu, kwa hiyo anampa alichoomba. Quasimodo anapata miguu, mikono, na nguvu nyingi.

Mara tu anapopata mwili, anaanza kuharibu. Nguvu zake za kwanza kabisa duniani anazitumia kuvunja, na Surfer anapojaribu kumzuia, anamgeuzia kibao na kupigana naye. Pambano linapanda mpaka juu ya jengo, na huko Surfer anamnyang'anya kile alichompa. Anamgandisha. Quasimodo anabaki juu ya jengo kama sanamu, na hadithi inaishia hapo.

Wasomaji wengi wa katuni wanaipenda hadithi hii kwa sababu ya huruma ya Surfer. Wanasema: tazama, shujaa mwenye moyo mweupe alisaidia, akasalitiwa, akalazimika kuadhibu kwa uchungu. Mimi hapo ndipo ninapogombana na stelingi.

Rudi mwaka mmoja nyuma, toleo la 49. Surfer ndiyo kwanza ametua duniani, bado yuko upande wa Galactus, na baada ya kuangushwa vitani anaangukia nyumbani kwa Alicia Masters, mchongaji sanamu ambaye ni kipofu. Alicia anamkaribisha chakula. Unajua alichofanya? Hakula. Alikigeuza chakula kikawa nishati, pamoja na vyombo! Mgeni amekaribishwa mezani, anaondoka na sahani. Kwa macho ya mtu wa kawaida hilo ni jambo la kupigiwa kelele za mwizi. Alicia hakumfukuza. Alibishana naye. Alimweleza kwamba watu hawa anaotaka waliwe wana maisha, wana thamani, na Surfer, ambaye alikuwa haelewi kabisa kwa nini mtu ajali viumbe wadogo namna hii, akaanza kuelewa polepole, kwa maneno, akiwa ndani ya nyumba ya mtu aliyemvumilia. Uasi wake kwa Galactus ulitokana na mazungumzo yale.

Kwa hiyo Surfer alifundishwa. Alianza na uharibifu uleule wa mtu asiyejua thamani ya kitu, akapata mwalimu, akabadilika. Mwaka mmoja tu baadaye anakutana na kiumbe aliye pale alipokuwa yeye, na hampi hata dakika moja ya yale aliyopewa na Alicia. Anampa mwili na kumwachia. Haulizi: ukishapata miguu, utakwenda wapi? Umewahi kukaa na mtu? Nani alikuwa anasema nawe humu ndani? Na kiumbe anapokosea, adhabu anayompa ni ileile aliyopewa yeye na Galactus, tena mbaya zaidi: kufungiwa mahali pamoja, unaona na huwezi kusogea. Mfungwa ameshika ufunguo na amefunga mlango.

Sisemi Quasimodo hana hatia. Alivunja, na pengine angeua. Ninachosema ni kwamba katika uhakiki tunatakiwa kugawa hatia kwa wote waliokuwepo, si kwa yule mwenye sura mbaya peke yake. Kwenye mgawo huo Thinker anabeba fungu kubwa la kumtengeneza na kumtupa, na Surfer anabeba fungu la kumpa nguvu bila kumlea. Fungu la Surfer ndilo linaloniumiza, kwa sababu lilitokana na nia njema.

Sasa tutazame jina, maana ukiliacha utakuwa umeacha nusu ya maana.

Wote tunajua Quasimodo limetoka kwa Victor Hugo, kwenye riwaya yake ya 1831 kuhusu kanisa la Notre-Dame la Paris. Kule Quasimodo ni mpiga kengele mwenye kibiongo, kiziwi kwa sababu ya kengele hizohizo, mtoto aliyetelekezwa kanisani na kulelewa na kasisi Frollo. Frollo alimpa jina la siku aliyomwokota: Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, ambayo kwa Wakatoliki iliitwa Jumapili ya Quasimodo kutokana na maneno mawili ya Kilatini yanayofungua misa ya siku hiyo. Maana yake ni "kama vile sasa hivi", na sentensi yenyewe inaendelea kuzungumzia watoto wachanga, waliozaliwa muda mfupi uliopita.

Sidai kwamba Stan Lee alikuwa na misale ya Kilatini mezani. Huenda alikuwa anakumbuka filamu tu, ile ya Charles Laughton ya 1939 au ya Lon Chaney ya 1923. Lakini matini hubeba zaidi ya alichokusudia mtunzi, na ndiyo sababu tunafundishwa mwingilianomatini. Quasimodo wa chuma ni kichanga. Ana siku moja tu ya kuwa na mwili. Mtoto wa siku moja hujaribu kila kitu kwa kukipiga, kukivuta, kukitupa, na sisi hatumwiti adui kwa sababu mikono yake ni midogo.

Na tazama lilipowekwa. Hadithi kuu ya toleo hilohilo la 1967 inaanza kwa habari kwamba Sue Richards ni mjamzito! Fantastic Four wanatarajia mtoto. Mwaka uliofuata, toleo la sita la mwaka, mtoto Franklin anazaliwa, na ili azaliwe salama baba yake, mjomba wake na rafiki yao Ben Grimm wanaingia katika ulimwengu mwingine wa hatari kubwa kutafuta kifaa cha kumwokoa yeye na mama yake. Watu wazima watatu wanahatarisha maisha kwa ajili ya kichanga mmoja. Ndani ya jalada moja na tangazo la mimba hiyo, kurasa za nyuma, kichanga mwingine anapewa mwili katika maabara tupu na kugandishwa kabla hajamaliza siku. Kama wahariri walipanga hivyo au ilitokea tu, kwa msomaji ni mamoja. Kurasa zimefungwa pamoja kwa pini zilezile.

Kidogo kuhusu lile umbo la mwisho, sanamu juu ya jengo. Linamrudisha Quasimodo kwa Hugo moja kwa moja, kwa maana ukitaja Notre-Dame watu wanaona yale masanamu ya mazimwi yaliyoegemea ukutani yakitazama mji. (Kwa anayependa vitu vidogo: mazimwi yale maarufu Hugo hakuyaona alipoandika. Yaliongezwa baadaye na Viollet-le-Duc katika ukarabati ulioanza miaka ya 1840, na ukarabati huo ulichochewa kwa sehemu na riwaya yenyewe.) Kwa hiyo adui wetu anakuwa pambo. Mji unaendelea na shughuli zake chini, yeye yuko juu, ana macho.

Mtu atauliza haya yanamhusu nini mwalimu wa sekondari. Nitatoa mfano mmoja niliouona nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule siitaji. Kidato cha pili kulikuwa na kijana tuliyemkuta tayari ana jina la utani, Kalkuleta. Hesabu zote za darasa zilifanywa naye. Asubuhi madaftari yanapangwa mezani kwake, saa mbili yamerudi kwa wenyewe, na mapumziko anakaa peke yake kwa sababu shida ya watu kwake imeshakwisha. Walimu nao walimtumia vilevile: swali gumu likikwama, "mwite yule". Halafu, kwa nia njema kabisa, akateuliwa kiranja wa taaluma. Akapewa daftari la kuandika majina ya wanaopiga kelele. Wiki ya tatu malalamiko yakajaa ofisini: anaandika watu ambao hawajafanya kosa, anaandika wale waliokuwa hawamsalimii, na mmoja alichapwa kwa ajili ya daftari lile. Walimu wakagawanyika. Wengine wakasema avuliwe cheo na asimamishwe, akome. Mwalimu mmoja mama, wa siku nyingi, akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kukaa na huyu mtoto na kumwambia cheo ni cha nini. Ofisi ikanyamaza. Wiki zangu nane ziliisha kabla uamuzi haujatolewa, kwa hiyo mwisho wake siwezi kuusema.

Tangu hapo nikisoma hadithi ya Surfer nawaona wale walimu. Hakuna aliyekuwa mbaya. Waliona mtoto mwenye akili aliyekwama kwenye kona, wakampa mikono na miguu.

Turudi kwenye zana. Mwalimu wa fasihi atakuuliza: Quasimodo ni mhusika bapa au duara? Jibu la haraka ni bapa, kwa sababu ana sifa moja, uharibifu. Mimi nasema subiri. Katika hadithi ya 1966 ni bapa kweli, tena si zaidi ya kifaa. Kinachotokea 1967 ni kwamba mhusika bapa anajitambua kuwa ni bapa! Yuko ndani ya skrini, hana mgongo, hana upande wa pili, na anachokiomba ni unene. Anaomba kuwa mhusika duara. Anapewa unene wa mwili peke yake, wa ndani hapewi, na mwisho anarudishwa kuwa kitu cha kutazamwa. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa kufundishia istilahi hizi mbili, na ukitaka kumweleza mwanafunzi wa kidato cha tano tofauti ya wahusika, mchoro wa uso ule kwenye skrini utaokoa vipindi viwili.

Yafaa pia kulinganisha na Frankenstein ya Mary Shelley, 1818, kwa sababu kila anayesoma hadithi ya Quasimodo huikumbuka. Muumba anakimbia, kiumbe anabaki. Tofauti ni kwamba kiumbe wa Shelley alijipatia shule. Alijificha jirani na familia ya De Lacey, akajifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ukuta, akasoma Plutarch, Milton na Goethe. Ndiyo maana anapoua, anaua akiwa na hoja, na anaweza kumshtaki muumba wake kwa lugha iliyonyooka. Quasimodo hakupata hata ukuta wa kusikilizia. Hana hoja kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa maneno ya kuijengea.

Kuhusu maneno, kuna jambo la utengenezaji ambalo mhakiki wa komiki hawezi kulipuuza. Lee na Kirby hawakufanya kazi kama mwandishi na mchoraji wa vitabu vya kiada. Mara nyingi walikubaliana kisa kwa ufupi, Kirby akachora hadithi nzima na kuipanga, kisha Lee akaja kujaza maneno juu ya michoro. Silver Surfer mwenyewe alizaliwa hivyo: Kirby alimchora kwa uamuzi wake, na Lee alipoletewa kurasa ndipo akamwona kwa mara ya kwanza. Kirby alimwona Surfer kama kiumbe safi asiyejua ya wanadamu. Mwaka 1968 Lee alimpa Surfer kitabu chake, akamwandikia maisha ya zamani na jina, Norrin Radd, na kitabu hicho akakichora John Buscema, si Kirby. Kirby aliondoka Marvel mwaka 1970. Ugomvi wa familia yake na kampuni kuhusu haki za wahusika wale ulimalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, miaka 20 baada ya yeye kufariki. Carl Burgos naye, aliyemzaa Torch wa kwanza, alikuwa akidai haki za Torch wake kisheria miaka ileile ambayo Torch huyo alikuwa anafufuliwa na kuzimwa kwenye karatasi. Nani anamzaa kiumbe, na nani anabaki naye, lilikuwa swali la kweli katika ofisi zile, lenye mawakili na hati.

Baada ya 1967 Quasimodo aliendelea kuitwa pale ilipohitajika sura ya kupigwa. Alipigana na Captain Marvel mwaka 1968, na Beast mwaka 1972, na Spider-Man akiwa na Hawkeye mwaka 1974. Hadithi hizo nitazipita haraka kwa sababu zenyewe zinampita haraka. Hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kulia.

Inayonivutia ni moja ya mwaka 2009. Wakati huo katika dunia ya Marvel, Norman Osborn, adui wa Spider-Man, amepewa madaraka makubwa ya usalama wa Marekani. Kukatoka kitabu kiitwacho Dark Reign Files, ambacho si hadithi bali ni mafaili: taarifa za wahusika mbalimbali, uwezo wao, udhaifu wao, na ushauri wa kuwatumia au kuwazuia. Mwandishi wa mafaili hayo, ndani ya hadithi, ni Quasimodo. Amekaa, anachambua data, anampelekea bosi ripoti. Miaka 43 imepita tangu Thinker amwashe, amepata mwili, amenyang'anywa, amepata tena, amepigwa na nusu ya mashujaa wa New York, na kazi aliyopewa ni ileile ya kompyuta: kukokotoa kwa niaba ya mtu mwenye amri. Safari hii ana miguu, na ameketi.

Kama unataka kuzisoma, anza na Fantastic Four 48 mpaka 50, uielewe ile meza ya Alicia. Ndipo uende toleo la nne la mwaka, kisha la tano. Ukifika kwenye hadithi ya nyuma, usikimbilie pambano. Kaa kwenye kurasa za mwanzo, pale Surfer anaposimama mbele ya skrini kabla hajainua mkono, na uhesabu ni maswali mangapi anamwuliza.